Bolti Nne Zinazogusa Maji

Maiti ilikuwa na silinda nne, na ilikuwa bado ya moto.

Inspekta aliizunguka mara mbili, mikono nyuma, akichunga shati lake jeupe lisiguse kitu. Gari la wagonjwa la kliniki ya wazazi lilikuwa limesimama kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukitoka taratibu. Chini yake palikuwa na dimbwi la kitu chenye rangi ya chai ya maziwa.

"Hii nini?" aliuliza.

"Oili, afande," dereva alijibu. "Imechanganyika na maji. Oili ikishafika hapo, injini ndiyo basi tena."

Ndani ya gari mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya mtu aliyekuja duniani na malalamiko yake tayari. Alikuwa na umri wa dakika arobaini. Alizaliwa papo hapo, kilomita kumi na moja kutoka mjini, muuguzi akimpokea na dereva akishika tochi huku amefumba macho. Mama na mtoto walikuwa salama. Dereva ndiye aliyekuwa bado ameikumbatia tochi.

"Jina la mtoto?" Inspekta aliuliza, kwa kuwa fomu ilikuwa na nafasi ya jina.

"Kwa sasa mama yake anamwita Kilomita."

Inspekta aliandika Kilomita. Mkuu wa kliniki, daktari mwembamba aliyefika na gari jingine, hakuona cha kuchekesha.

"Injini hii imetoka gereji leo hii," alisema. "Imefumuliwa na kufungwa upya na Mama Torki. Tumshukuru Mungu tu mtoto hakukaa vibaya. Nakupa mpaka Ijumaa, Inspekta. Usiponiletea jibu, naandika barua afungiwe gereji, na nataka ashitakiwe kwa uzembe."

Hiyo ilikuwa Jumatatu jioni.

Jumanne asubuhi Inspekta alifika gerejini akiwa na Sajini wake, mwanamke mwenye mabega mapana aliyelelewa na kaka watano, wote madereva wa malori. Gereji ilikuwa jengo moja refu lililokatwa katikati kwa ukuta wa matofali. Ukuta ulikuwa umekata hata kibao cha mbele. Upande wa kushoto kilisomeka GEREJI YA MZEE. Upande wa kulia kilisomeka NA WANAWE.

Mama Torki alikuwa upande wa Na Wanawe. Alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini hivi, na begani alikuwa amebeba spana ndefu ya torki yenye saa, ile inayopima bolti imekazwa kwa nguvu kiasi gani. Watu walisema hulala nayo. Asubuhi hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Injini uliimaliza lini?" Inspekta alianza.

"Jumamosi. Jana nikaipandisha kwenye gari."

"Uliijaribu?"

"Dakika kumi." Alitazama sakafu. "Kawaida naisikiliza saa nzima. Dereva akaja mbio, kuna mama ana uchungu na gari jingine liko mbali. Nikampa ufunguo. Hizo dakika hamsini ni zangu, afande, simtupii mtu. Lakini maji kupita kwenye bolti zangu, hapana. Hilo sikubali hata ukinifunga."

"Maji yanapitaje kwenye bolti?"

Mama Torki alimtazama kama mtu anayepima kina cha kisima. Elimu ya Inspekta kuhusu magari ilikuwa inaishia kwenye mfuniko wa tangi. Gari lake mwenyewe lilikuwa linasukumwa na mke wake kila asubuhi, na mke alikuwa ameanza kulilalamikia jambo hilo mbele ya wageni.

"Njoo," Mama Torki alisema.

Ukutani palikuwa na vipande vya kadibodi zaidi ya mia, kila kimoja kimetobolewa matundu na kuandikwa tarehe. Alichukua cha mwisho.

"Kila injini ina kadibodi yake. Nikitoa bolti, naichomeka hapa kwa mpangilio wake, ili irudi kwenye tundu lake lile lile. Silinda hedi hii, kichwa cha injini, inashikwa na bolti kumi. Sita zinaishia kwenye matundu yaliyozibwa chini. Hizo unazipaka oili nyepesi, matone mawili, basi. Ukizidisha, oili inakosa pa kwenda na bloku, mwili wenyewe wa injini, inaweza kupasuka."

"Na nne zilizobaki?"

"Hizo zinatokeza mpaka kwenye njia ya maji. Ukizipaka oili au grisi, maji yanapanda kwenye nyuzi zake, hii mistari inayozunguka, yanafika juu, yanamwagikia kwenye oili. Hizo nne zinataka silanti, dawa ya kuziba. Hii hapa." Alimwonyesha kopo dogo la dawa nyeupe, nzito.

Inspekta aliinamia kadibodi. Matundu sita yalikuwa na madoa ya njano. Manne yalikuwa na duara jeupe, kavu. Pembeni, kwa kalamu: Jumamosi.

"Tuseme umesahau siku hiyo?"

"Mimi naweza kusahau jina lako, afande. Hizi nne, hapana."

Sajini alikitia kipande hicho kwenye mfuko wa plastiki. Kikawa kielelezo namba moja.

Siku iliyofuata, kwenye uwanja wa kituo cha polisi, Sajini alivua kofia, akakunja mikono ya shati na kuifungua maiti. Alitoa bolti moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya gazeti. Inspekta alisimama hatua tatu nyuma, kwa ajili ya shati.

"Mkuu, njoo uone."

Bolti zote kumi zilikuwa zimepakwa grisi nyeusi, kutoka kichwani hadi ncha. Nyingi kiasi kwamba ziliteleza mkononi. Hapakuwa na chembe nyeupe.

Mkemia wa maabara, aliyekuwa amepita kituoni kuikagua injini, alithibitisha kwa simu kabla ya saa nane mchana. "Grisi, kumi kwa kumi. Silanti haijawahi kugusa nyuzi hizi. Na jambo jingine: mahali pa namba ya injini pamesuguliwa kwa tupa. Juzi juzi tu, chuma bado kinang'aa."

Inspekta aliweka simu chini. Kisha akaanza kutabasamu, na Sajini aliyemfahamu vizuri akajua leo hakuna kurudi nyumbani mapema.

"Sajini, tumekuwa tukimlilia marehemu wa watu wengine. Hii siyo injini ya Mama Torki. Ya kwake imeibwa, na hii ikawekwa badala yake."

"Na ya kwake iko wapi?"

"Kwanza ilitokaje."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mlango wa Mama Torki ulikuwa na makufuli mawili, yote mazima, na funguo hazikutoka shingoni mwake. Mlinzi wa lango la mbele alikula kiapo kwamba tangu Jumamosi hadi Jumatatu hakupita mtu na kitu kikubwa kuliko mkoba. Injini ile ilikuwa na uzito wa kilo mia na arobaini. Si kitu cha kutia mfukoni na kuondoka unapiga mluzi.

Walirudi gerejini jioni hiyo hiyo. Inspekta alizunguka chumba, akagonga kuta, akakagua sakafu, akachoka. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama juu, kama anavyofanya mtu aliyeishiwa.

Juu kulikuwa na boriti ya chuma. Winchi ya mnyororo ilining'inia humo kwa magurudumu, na boriti ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukuta wa matofali, ikapita juu yake na kuendelea upande wa pili. Ukuta haukufika darini. Ulikoma kwenye kimo cha mtu mmoja na nusu.

"Mbona ukuta haukumalizwa?" aliuliza.

"Mwashi alichoka na kelele zetu," Mama Torki alisema. "Mimi na kaka yangu tulikuwa tunamgombeza kutoka pande zote mbili. Siku moja akaweka mwiko chini, akaenda zake. Hajarudi mpaka leo."

"Na winchi?"

"Ni ya marehemu baba. Haikatiki vipande viwili, kwa hiyo tunaitumia kwa zamu."

Inspekta aliomba ngazi. Alipanda hadi juu ya ukuta, na huko akaona kwamba utando wa buibui uliojaa kwenye dari yote ulikuwa umefagiwa mahali pamoja tu, pale boriti inapovuka, kwa upana wa injini. Tofali la juu lilikuwa limekwaruzwa na chuma, na juu yake palikuwa na tone la oili safi. Aliposhuka, shati lake jeupe lilikuwa na mstari mweusi kutoka kifuani hadi kitovuni.

"Pole, afande," Mama Torki alisema.

"Usijali. Hiki sasa ni kielelezo namba mbili."

Alisema hivyo kwa uchangamfu, lakini alimwona mama yule ameutazama ukuta na kuuweka mkono mdomoni. Alikuwa ameshaelewa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na mtu mmoja tu, aliyenyonya naye ziwa moja.

Alhamisi asubuhi Inspekta alikwenda kwa mama yao. Alikuwa bibi mdogo wa mwili mwenye nyumba safi na masikio makali, na kabla hajaulizwa lolote aliutazama ule mstari mweusi kifuani na kutaka kujua nani anamfulia Inspekta mashati.

"Wanangu wote wawili huja kwangu Jumapili mchana," alisema baadaye. "Hawasemeshani, lakini wanakuja. Mmoja anakaa mwisho huu wa meza, mwingine mwisho ule, mimi ndiyo redio yao. Mama mwambie anipe chumvi. Mama mwambie chumvi hii hapa. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Jumapili iliyopita walikuja?"

"Binti alikuja saa saba. Mkubwa alifika saa kumi. Akanawa mikono mara tatu, na bado taulo langu likawa jeusi. Halafu hakula. Mwanangu, yule hajawahi kuacha chakula tangu aote meno."

"Walijenga ukuta kwa sababu gani, mama?"

"Kopo."

"Kopo la nini?"

"Sijui la nini. Dogo hivi. Baba yao alikuwa hajamaliza hata mwezi kaburini. Binti alinunua kopo la dawa fulani ya bolti, mkubwa akalitupa nje ya mlango. Akasema marehemu hakuwahi kutumia kitu hicho. Binti akasema basi nitafanya kazi peke yangu. Mimi nimezika mume, mwanangu, kisha nikatazama watoto wangu wakitenganishwa na kopo."

Inspekta alifunga daftari. Alikuwa na kila kitu isipokuwa injini, na sasa alijua namna ya kuipata bila hata kuitafuta.

Saa tisa alasiri yeye na Sajini waliingia upande wa Gereji ya Mzee. Kaka yake Mama Torki, ambaye mji mzima ulimwita Mrithi, alikuwa amevaa ovaroli ya baba yake, kiraka juu ya kiraka. Alikuwa akimkabidhi mwalimu mkuu wa shule ya msingi gari dogo la kubebea wanafunzi, la aina ile ile na gari la wagonjwa. Wateja wawili walikuwa benchini wakingoja zamu. Juu ya meza ya kazi ilitundikwa picha ya Mzee ameshika spana.

"Fundi, injini ya gari hili umeifunga wewe?" Inspekta aliuliza.

"Kwa mikono hii."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Namba yake siioni."

"Kutu imekula, afande. Injini za zamani hizi."

"Sawa. Nina swali dogo la mtu asiyejua kitu. Bolti za silinda hedi unazipaka nini?"

Mrithi alifuta mikono kwenye ovaroli. Alitazama wateja, kisha picha ya baba yake. Angesema silanti, Inspekta angekwama siku kadhaa. Inspekta mwenyewe alikiri hivyo baadaye. Lakini neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwa Mrithi kwa miaka kumi na moja, na halingetoka leo mbele ya picha ile.

"Grisi," alisema.

"Zote?"

"Zote kumi. Mzee alipaka grisi miaka arobaini. Nani mimi nibadilishe?"

"Silanti hutumii hata kidogo?"

"Hayo madawa ya makopo hayajavuka mlango huu."

Wateja walitikisa vichwa kukubali. Mji mzima ulijua hilo.

"Vizuri sana," Inspekta alisema. "Kwa hiyo nikifungua bolti yoyote ya injini hii, nitakuta grisi."

Mrithi alisogea mbele ya gari. "Afande, utaiharibu. Imeshakamilika."

"Moja tu."

"Mwalimu anataka gari lake sasa hivi."

"Mwalimu atasubiri," alisema mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amefundisha miaka thelathini na aliitambua haraka sura ya mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

Sajini aliita kupitia juu ya ukuta. Baada ya muda Mama Torki aliingia kwa mlango wa mbele, polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga sakafu ile tangu ukuta ujengwe. Hakumtazama kaka yake. Alitazama injini, akagusa mfuniko wake, akasema kwa sauti ndogo, "Ya tatu, mkono wa kushoto."

Sajini alifungua mfuniko, akaweka spana na kuvuta. Bolti ilitoa mlio, ikazunguka, ikapanda. Aliiinua mbele ya dirisha. Nyuzi zake zilikuwa nyeupe kama zimepakwa dawa ya meno.

Mrithi alivuta kiti cha baba yake na kukaa.

"Unaonywa kwamba lolote utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi," Inspekta alisema.

"Najua. Acha niseme." Alijifuta uso kwa kiganja, akaacha doa jeusi. "Ijumaa niliiwasha yangu juu ya stendi. Nusu saa tu, nikachomoa kijiti cha oili. Chai ya maziwa. Ilikuwa ya tatu mwaka huu. Mbili za kwanza nilisema gasketi mbovu. Jumapili, dada alipokwenda kwa mama, nilivuka na winchi. Yake huku, yangu kule. Nikabadilisha mifuniko, nikasugua namba zote mbili."

"Kwa nini hukuifungua tu ukairekebisha?"

"Ningeirekebisha kwa kitu gani, afande? Kila nilichokuwa nakijua nilikuwa nimeshakifanya."

"Ungemuuliza dada yako."

"Ningemuuliza, ningekuwa nimesema baba alikosea." Aliinua macho. "Sikutaka ashitakiwe, wallahi. Namjua. Injini haitoki mpaka aisikilize saa nzima. Angeona chai, angefungua, angekuta grisi, angenitukana ukutani mpaka achoke, angeifunga upya. Sikujua kuna mama mwenye uchungu. Tangu nisikie mtoto amezaliwa barabarani sijapata usingizi."

Hapo ndipo Mama Torki alipogeuka.

"Siku tatu, kaka. Siku tatu nimejiuliza kama ni mimi niliyetaka kumuua mama wa watu. Nimelia pale nyuma ya ukuta. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, mdogo wangu."

Machozi yalikuwa yakimtoka mwanamke yule na hakujisumbua kuyafuta. Alikwenda hadi pembeni, ambako injini kuukuu ya lori ilikuwa imefunikwa turubai kama kumbukumbu. Akaivua turubai.

"Hii ndiyo injini aliyojifunzia baba," alisema. "Na zile zote alizofunga miaka arobaini zilikuwa za aina hii. Bolti zake zote zinaishia kwenye matundu yaliyozibwa. Hakuna hata moja inayogusa maji. Grisi kidogo ilitosha. Baba hakukosea, kaka. Hizi za siku hizi siyo zile. Nilitaka kukwambia siku ile ile, ukatupa kopo kabla sijafungua mdomo."

Mrithi aliitazama injini ya lori, kisha picha, kisha mikono yake. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo na wakati huo huo kuambiwa hakuna aliyemtwisha.

Inspekta alitoka nje kumpigia daktari. Alimweleza kwa kifupi. Barua isiandikwe, fundi hana hatia, injini yenyewe imepatikana. Daktari akasema kwamba atakuja mwenyewe kumwomba radhi Mama Torki, na kwamba Kilomita ameongezeka uzito.

Aliporudi, Sajini alikuwa ameshatoa pingu. Mrithi alikuwa amesimama, mikono ameinyoosha mbele kwa utii, lakini macho yake yalikuwa kwenye injini.

"Zile nne," alisema, bila kumtazama mtu. "Unazijuaje ni zipi?"

Mama Torki alichukua kipande cha waya mwembamba mezani, akamshika kaka yake mkono na kumwekea waya kati ya vidole. Akaupeleka mkono huo hadi kwenye tundu ambalo bolti ilitolewa. Waya ulizama. Alipouvuta nje, ncha yake ilikuwa na maji.

Kisha akatoa bolti ya pili, jirani yake. Waya ulizama kidogo, ukagonga chuma, ukasimama. Ulitoka mkavu.

Mrithi aliutazama waya huo kwa muda mrefu.

"Ni hivyo tu?" aliuliza.

"Ni hivyo tu, kaka."

Alicheka kidogo, kicheko kilichovunjika katikati, na dada yake akamshika bega.

"Jaribu inayofuata," alisema. "Itafungwa upya hata hivyo, ni yangu."

Sajini alimtazama mkuu wake, pingu mkononi. Inspekta alitazama saa, akatazama shati lake ambalo halikuwa na cha kupoteza tena, akahesabu. Zilikuwa zimebaki bolti nane. Alipindua ndoo, akakaa juu yake na kusubiri.